GPS ya mkononi kwa safari za barabarani nje ya nchi: uchague ipi na uitumieje

Mtoa mada

Wakuu, habari zenu.

Kila mjadala wa kuvuka nchi kwa gari au pikipiki ukigusa GPS, watu wanagawanyika pande mbili: wa "simu inatosha" na wa "nunua ile ya bei kali kuliko zote". Naona pande zote mbili zinaruka swali la kwanza, kwamba hicho kifaa unataka kikufanyie kazi gani. Naanzisha uzi huu kwa ajili ya mtu anayejiandaa sasa hivi. Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Msimamo wangu: GPS ya mkononi haibebwi kwa ajili ya barabara zenye majina. Huko simu inaishinda mchana kweupe. Unaibeba kwa ajili ya pale ambapo njia inagawanyika mara tano, mtandao hakuna, jua linapiga kwenye kioo, na unataka kujua mambo mawili tu: niko wapi, na nilikotoka narudije. Kwa hiyo angalia inakaa na chaji muda gani, kioo kinasomeka juani, vitufe vinabonyezeka na glovu, na inatunzaje nyayo, yaani ule mstari inaouchora ulikopita. Kamera, tochi na kalenda ya uvuvi ni mapambo.

Simu naigusa mapema maana najua nitashambuliwa. Si kweli kwamba GPS ya simu haifanyi kazi bila mtandao. Inafanya. Mtandao unaisaidia kupata haraka taarifa za satelaiti ziko wapi angani. Usipokuwepo, inabidi izipokee kutoka kwenye satelaiti zenyewe. Kila satelaiti ya GPS inarudia taarifa za obiti yake kila baada ya sekunde 30, na almanaki nzima, yaani orodha ya njia za satelaiti zote angani, inachukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Ndiyo maana ukishuka bara jingine baada ya kusafirisha gari kwa meli, simu au GPS inaweza kukaa muda mrefu inatafuta. Haijafa. Iweke nje mahali penye anga wazi, usiisogeze, endelea na shughuli zako.

Udhaifu wa simu uko kwenye joto, betri na kioo. Ukiibandika nyuma ya kioo cha mbele jangwani inapata moto hadi inajizima, na kioo chake kinashindana na jua kwa kuongeza mwanga, yaani kwa kula betri. Vioo vya GPS nyingi za mkononi vinafanya kinyume: vinaurudisha mwanga wa jua lenyewe, kwa hiyo jua likizidi ndivyo vinavyosomeka. Halafu simu ndiyo benki yako, kamera yako na mawasiliano yako. Ikiibiwa, usipotee pia.

Sasa betri. Mimi ni wa AA. Kwa maelezo ya mtengenezaji, Garmin eTrex 22x na 32x zinakwenda hadi saa 25 kwa AA mbili, GPSMAP 65s saa 16, na eTrex SE hadi saa 168, ila hiyo SE haina ramani ndani yake, inategemea simu. GPSMAP 67 ina betri ya ndani inayofika saa 180. Ukiona namba hizo, 67 inashinda. Lakini betri ya ndani ikichoka au mlango wa chaji ukijaa mchanga, safari ya kifaa hicho imeisha hapo hapo. AA zinauzwa karibu kila mahali duniani panapouzwa tochi. Ukitumia za kuchaji, ingia kwenye mipangilio uiambie GPS aina ya betri uliyoweka. Za NiMH zina volti 1.2 na za kawaida 1.5, na usipobadilisha, kipimo cha chaji kitakudanganya. Kwa baridi kali ya milimani tafuta za lithiamu zisizochajiwa; zinavumilia hata nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati alkalini za kawaida zinalegea mapema sana.

Kuhusu satelaiti, usihangaike sana. Vifaa vya sasa vingi vinasoma GPS ya Marekani pamoja na GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na baadhi BeiDou ya China. Zikiwa nyingi zinasaidia kwenye mabonde na misitu. Vyenye kusoma masafa mawili (65s na 67 zimo) vinapunguza makosa ya mawimbi yanayogonga majabali kabla ya kukufikia. Jangwani kwenye anga wazi tofauti ni ndogo mno, mita 3 hadi 5 unazipata hata kwa kifaa cha kawaida, na gari lako lenyewe lina urefu huo.

Tairi la Akiba

Mtoa mada umenena. Naongezea kwenye antena. Zile GPS zenye kichwa kilichochomoza juu zina antena ya mzunguko, hizo zishike zikiwa zimesimama. Zile bapa zisizo na pembe, kama eTrex, zilaze kioo kikitazama angani. Watu wanafanya kinyume halafu wanalalamika kifaa kibovu.

Na wenye magari yenye kioo cha mbele kilichopakwa madini au chenye nyaya za kuyeyusha barafu: mawimbi yanakatwa. Tafuta pembe isiyopakwa au weka antena ya nje kama kifaa chako kina tundu.

Mzee wa Dira

Vijana mnadeka. Kabla ya tarehe 2 Mei 2000 Wamarekani walikuwa wanaiharibu GPS ya raia makusudi, kosa lilifika mita 100. Rais wao Clinton alipoamuru uharibifu huo uzimwe, usiku mmoja vifaa vile vile vikawa sahihi mara kumi. Na watu walikuwa wanavuka Sahara navyo kabla ya hapo, kwa sababu walikuwa na ramani ya karatasi na walijua kuisoma.

Mtu aondoke na ramani ya karatasi. Nimemaliza.

dadaNjiani

Mzee wa Dira shikamoo 😂

Swali langu: kodineti, zile namba za kuonyesha mahali, zinanichanganya. Nimepewa orodha ya visima na vituo vya mafuta na wasafiri tofauti, kila mmoja ameandika kivyake. Mwingine ana nukta moja, mwingine ana alama za dakika na sekunde. Niziingize tu?

Mtoa mada

Dada, usiingize hata moja kabla hujasoma hii. Hapa ndipo watu wanapopotea kuliko kwenye ubovu wa kifaa.

Sehemu moja inaandikwa kwa namna tatu. Chukua latitudo hii:

18° 30.500' (digrii, kisha dakika zenye desimali)
18° 30' 30" (digrii, dakika, sekunde)
18.50833° (digrii zenye desimali)

Zote ni sehemu ile ile. Sasa mtu akikuandikia kwa haraka kwenye ujumbe "18 30 500", wewe ukaisoma 18.305 kwa kudhani ni digrii za desimali, umesogea zaidi ya kilomita 22. Ukaisoma "18 30 50", yaani sekunde 50, umekosea kama mita 600. Kosa la kilomita 22 utalishtukia kwenye ramani. La mita 600 hulishtukii, unafika mahali panapofanana na kila mahali, unazunguka kisima kiko nyuma ya kilima.

Kipimo cha haraka: dakika moja ya latitudo ni kilomita 1.85, sekunde moja ni kama mita 31. Dakika na sekunde haziwezi kufika 60. Ukiona namba baada ya digrii inazidi 60, ujue hiyo ni desimali. Na alama ya kutoa mbele ya namba maana yake ni kusini kwa latitudo, magharibi kwa longitudo. Kwenye orodha za kunakili alama hiyo inaanguka mara nyingi kuliko unavyodhani.

Unachofanya: chagua namna moja, weka kifaa hivyo, weka simu hivyo, badilisha orodha yote iwe hivyo ukiwa bado nyumbani. Halafu ifungue orodha nzima juu ya ramani ya kompyuta uitazame kwa macho. Kisima kilichokaa baharini kitajionyesha chenyewe.

Kapu Tupu

Na hayo mambo ya datamu, ule mfumo wa vipimo ambao ramani imechorwa juu yake, ni ya kweli au ni ya wapima ardhi tu?

Mtoa mada

Ni ya kweli ukibeba ramani za karatasi, hasa za zamani, na nadhani unapaswa kuzibeba. GPS inahesabu kwa WGS84, datamu ya dunia nzima. Ramani nyingi zilizochapwa kabla ya mfumo huo zilitumia vipimo vya nchi au bara husika. Ramani za Ulaya za datamu ya ED50 zinatofautiana na WGS84 kwa zaidi ya mita 100, na za Japani za datamu ya Tokyo kwa zaidi ya mita 400 hadi walipobadilisha mfumo mwaka 2002. Soma pembeni mwa ramani, chini kabisa, imeandikwa. Kisha iambie GPS itumie datamu hiyo unapofanya kazi na karatasi hiyo, na UIRUDISHE WGS84 ukimaliza. Herufi kubwa si za bure.

China ni habari nyingine kabisa. Sheria yao inataka ramani za umma zitumie mfumo wa GCJ-02, ambao unasogeza sehemu kwa mita mia kadhaa, tena si kwa kiasi kimoja kila mahali. Nyayo zako za WGS84 ukiziweka juu ya ramani ya namna hiyo utajiona unaendesha gari mtoni. Kifaa ni kizima. Tumia ramani za OpenStreetMap, zile za bure zinazochorwa na watu wa kujitolea, hizo ziko kwenye WGS84.

Tairi la Akiba

Wakati tuko kwenye sheria, watu wasibebe tu kimyakimya. Kifaa kinachopokea peke yake na kinachotuma ujumbe kwa satelaiti ni vitu viwili tofauti mbele ya forodha. Garmin zenye herufi i mwishoni (66i, 67i, 700i) zina inReach, mfumo wa Garmin wa kutuma ujumbe, ndani yake, zinatuma kupitia satelaiti za Iridium. India hizo bila kibali ni kosa, kuna wageni wameshikiliwa viwanja vya ndege kwa sababu hiyo. Simu za satelaiti hali ni hiyo hiyo.

China nayo kupima ardhi na kukusanya kodineti bila ruhusa ni kosa kwa mgeni. Na Urusi mwaka 1997 kule Rostov-on-Don fundi mmoja Mmarekani alikamatwa kwa tuhuma za ujasusi, alikuwa anatumia GPS kwenye kazi ya mitambo ya simu. Ni zamani, lakini fikra za mwanajeshi wa kizuizi cha barabarani hazina tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo soma ushauri wa safari wa nchi unayokwenda kabla hujachagua modeli. Ukiwa na njia inayopita India, hiyo 67i unaiacha, unachukua 67 ya kawaida.

Mtoa mada

Nakazia kwa herufi zote. Na usihifadhi nukta, yaani alama ya mahali kwenye kifaa, kwenye kambi ya jeshi, daraja linalolindwa au kituo cha mpakani ukiwa umesimama mbele ya askari. Ukihitaji kumbukumbu ya mpaka, nyayo zenyewe zinajichora kifaa kikiwa mfukoni.

njia_panda

Mimi natumia kile kimshale cha "nenda". Unachagua nukta, kinakuelekeza. Rahisi. Mnachanganya watu na mambo mengi.

Mzee wa Dira

Kimshale hakijui bonde wewe.

Mtoa mada

Njia panda, mzee amekujibu kwa ufupi, mimi nakupa urefu. Kimshale kinachora mstari mnyoofu kutoka ulipo hadi nukta. Kwenye uwanda kama Salar de Uyuni kule Bolivia kinafaa sana, maana chumvi ni tambarare na alama hakuna. Unalenga kisiwa cha Incahuasi na unakwenda. Hata pale bado lazima uheshimu kingo, chumvi ya pembeni ni laini na inazamisha gari. Kwingineko mstari mnyoofu unapita kwenye makorongo, mashamba ya watu, na mabaya zaidi.

Sahara Magharibi kuna ukuta wa mchanga wa Morocco wenye urefu wa kilomita takriban 2,700, na maeneo yanayouzunguka yamejaa mabomu ya kutegwa ardhini. Sehemu ya kuvuka kuingia Mauritania kwa upande wa Guerguerat, kanuni ni moja: usitoke kwenye njia iliyokanyagwa na wengine. Kimshale kikikwambia kata kushoto uokoe kilomita mbili, kinakuambia kwa sababu hakijui chochote zaidi ya hesabu.

Ndiyo maana nasisitiza nyayo. Ruti ni mpangilio wa nukta chache ambazo kifaa kinaziunganisha kwa akili yake, na kikiwa na ramani tofauti na yako kinaweza kuzipitisha kwingine kabisa. Ukimpa mtu faili ya ruti, hujampa njia uliyopita wewe. Umempa kazi ya kubahatisha. Nyayo ni nukta mamia au maelfu zilizorekodiwa na mtu aliyepita pale kweli. Ukipakua faili za GPX (aina ya faili inayobeba nukta, ruti na nyayo) za wasafiri wengine, chukua nyayo, na angalia zilirekodiwa mwaka gani na msimu gani. Njia ya kiangazi wakati wa mvua ni ziwa.

Mpangilio wa kurekodi: weka uandike wenyewe tangu kifaa kinapowashwa. Kila asubuhi anza nyayo mpya, ipe jina la tarehe na mahali, jioni ihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu. Vifaa vya zamani vina mtego: nyayo ukizihifadhi zinapunguzwa hadi nukta 500 na saa zinafutwa. Kona za mlimani zinageuka mistari mirefu inayokata hewani. Ukiwa na kifaa cha namna hiyo, washa uandishi wa moja kwa moja kwenye kadi, ule haukati.

dadaNjiani

Na majina ya nukta? Kifaa kinaniandikia 001, 002, 003.

Mtoa mada

Badilisha pale pale, usisubiri jioni. Mimi naanza na herufi za aina: MJ maji, MF mafuta, KB kambi, GK njia imegawanyika. Kisha neno la kitendo: "GK-SHIKA KULIA", "MJ-CHUMVI", "KB-UPEPO MKALI". Ukifika kwenye njia panda ile ukitokea upande mwingine, kulia kwako imekuwa kushoto, kwa hiyo kama kuna uwezekano wa kurudi andika "GK-YA MLIMANI" badala ya mkono. Namba 014 haikuambii kitu ukiwa umechoka.

Kapu Tupu

Wenye pikipiki mnafungaje? Yangu inajizima yenyewe kwenye njia mbovu.

Tairi la Akiba

Hiyo ni betri kuachana na vyuma vyake kwa mtikisiko. Barabara za vumbi zenye vituta vidogo vya mfululizo ndizo zinazoleta. Tatu za kujaribu: kunja kikaratasi kigumu au kipande cha sponji ukibane kati ya betri na mfuniko, nyoosha kidogo chuma cha springi, au ilishe umeme wa pikipiki kwa waya wa USB ili betri ziwe akiba tu. Kwenye waya, modeli nyingi zikihisi umeme wa USB zinauliza au zinadhani zimechomekwa kwenye kompyuta, kwa hiyo jaribu waya wako kabla ya safari.

Kishikio kiwe cha kufunga kwa skrubu kwenye usukani, na kamba ya usalama juu yake. Cha kunyonya kioo ni cha gari, na hata kwenye gari kinaachia kioo kikipata joto.

Mtoa mada

Na dira. Kifaa kisicho na dira ya umeme kinajua unakoelekea ukiwa unatembea tu. Ukisimama, mshale unazunguka kama umelewa. Piga hatua kadhaa utatulia. Chenye dira ya umeme kinahitaji kusawazishwa kila ukibadilisha betri, na ukisawazishe mbali na gari, si juu ya boneti.

Ukitumia pamoja na dira ya mkono, hakikisha vyote viwili vinaongea kaskazini moja: ama kaskazini halisi ya ramani, ama kaskazini ya sumaku inayofuatwa na sindano. Cape Town, kwa mfano, sindano inaelekea magharibi ya kaskazini halisi kwa takriban digrii 25. Ukichanganya hizo mbili, baada ya kilomita 10 uko zaidi ya kilomita 4 pembeni.

Ramani: kuna ramani za bure za OpenStreetMap zilizotengenezwa kwa ajili ya Garmin. Unapakua faili ya .img, unaiweka kwenye folda ya Garmin ya kadi iliyoandaliwa (format) kwa mfumo wa FAT32, inasomeka. Kwa Afrika kuna pia Tracks4Africa za kulipia. Pakua eneo pana kuliko njia yako, maana mpaka ukifungwa utazunguka kupitia nchi ambayo hukuipanga.

njia_panda

Sawa mkuu, nimeelewa hoja ya kimshale. La mwisho: napata eTrex ya zamani ya mkono wa pili, inawaka, inashika satelaiti vizuri, ila tarehe inaonyesha miaka ya nyuma kabisa. Niachane nayo?

Mtoa mada

Si lazima. GPS inahesabu wiki kwa mzunguko wa wiki 1,024, kama miaka 19 na miezi saba, kisha inaanza sifuri. Ilitokea Agosti 1999 na tena tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa ambavyo programu yake haikuandaliwa vinarudi nyuma kwa muda huo. Kodineti zinabaki sawa, kwa hiyo kama kifaa cha akiba kinafaa. Kitakachoharibika ni tarehe kwenye nyayo na saa za jua kuchomoza na kuzama.

Kabla hujamlipa, jaribu haya: angalia kama mtengenezaji ana programu mpya ya modeli hiyo. Fungua mfuniko wa betri utazame kutu kwenye vyuma. Bonyeza kila kitufe, hasa cha pembeni, mpira wake huwa unapasuka na maji yanaingia. Izime, iwashe nje, uone inashika ndani ya dakika chache. Na chomeka waya wa kompyuta. Kama haihamishi faili, itakuonyesha ulipo lakini nyayo zako zitafia humo ndani.